Mashine Isiyo na Kesho

Niliachwa kwa simu, na aliyepiga hakuwa hata mwenyewe. Alikuwa mama yake, Mama Obdulia, niliyemjua kwa jina tu. Nilikuwa jikoni, sufuria ya supu ya kuku mkononi, nikasikia sauti kavu ya mwanamke nisiyewahi kuonana naye: "Wewe ndiye Zenaida? Yerson yuko Trujillo. Ameoa. Usimtafute." Simu ikakatwa, na namba ile haikupatikana tena. Nyumbani kwao Pueblo Libre, mtaa wa watu wenye nafasi, nilikwenda mara moja tu, nikakuta wapangaji wapya na mbwa mkali. Nikarudi zangu. Mimi si mtu wa kumlilia mwanamume mbele ya mbwa.

Hayo yana miezi saba. Katika miezi hiyo nilijifunza kumchukia Yerson kwa bidii, kidogo kidogo, kila siku bila kuruka. Niliacha kazi ya kujaza wino wa printa, nikapata kibanda ghorofa ya tatu hapa mtaa wa Wilson, kunakouzwa kompyuta mjini Lima, nikawa naunda kompyuta za gemu kwa watu wenye pesa ndogo na tamaa kubwa. Nilikula, nililala, nilitaniana na majirani. Ungetaja jina lake mezani ningemaliza kutafuna kwanza ndipo niondoke.

Ndipo Jumatano moja ya Agosti, manyunyu ya Lima yakiwa hayaishi wala hayaanzi, mama mmoja akapanda ngazi hadi kwangu. Ghorofa ya tatu hafiki mtu ila aliyekwisha kung'atwa mfuko na wapiga debe wa chini. Huyu alikuwa ameng'atwa, ilionekana. Alikuwa amevaa koti zuri la zamani, lile la kwendea kanisani, na kifuani ameshika boksi lenye picha ya joka linalotema moto.

"Wewe ndiye unayeunda kompyuta za gemu?"

"Ndiye mimi, mama. Karibu ukae."

"Sikai. Hata wale wa chini walinikaribisha nikae."

Nilicheka. Nikamwomba lile boksi, nikatoa pawasaplai iliyokuwa ndani, kile kifaa cha kuilisha mashine umeme, nikaipima kwa mkono. Pawasaplai nzuri ina uzito wa tofali. Hii ilikuwa nyepesi kama mkate uliokauka.

"Mama, hapa umenunua boksi. Ndani hamna kitu. Ukifungia mashine umeme wa hii, itaungua na kila kilichomo."

"Yule kijana aliniita 'mama yangu mzazi'!"

"Hapa Wilson ukiitwa mama mzazi, shika mkoba."

Hakucheka. Midomo ilimtetemeka kidogo, akaibana. Nikajuta utani wangu, nikamwambia yule kijana namfahamu, nitashuka naye atairudisha pesa apende asipende. "Sasa niambie, unamtengenezea nani? Na una kiasi gani?"

"Soli elfu moja na mia nne. Zote ni hizo, usinifanye nikatafute nyingine. Ni ya mwanangu. Ameniandikia kila kitu hapa." Akafungua mkoba, akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne, mgongoni mwa fomu ya hospitali.

Nilisoma mstari wa kwanza, nikaurudia tena.

Yalikuwa maandishi ya herufi kubwa tupu, ile nne yake iliyo wazi juu, na wino uliokandamizwa hadi karatasi ikatoboka. Lakini herufi zilikuwa zinayumba, zinapanda na kushuka, kana kwamba zimeandikwa juu ya gari linalokwenda. Kadi ya picha aliiita MACHO. Prosesa aliiita KICHWA. Na pawasaplai: MOYO, USINUNUE WA BEI RAHISI. Duniani nilimjua mtu mmoja tu anayeita vitu hivi kwa majina hayo, na ni mimi niliyemfundisha, tukiwa tumekaa kwenye ngazi za nje tunakula mishikaki ya moyo wa ng'ombe.

Nikamtazama mama yule upya. Sauti kavu. Nilikuwa nimeibeba sauti ile kichwani miezi saba na bado nilikuwa sijaitambua ilipokuja kunisalimia.

Ningeweza kumfukuza. Nia nilikuwa nayo. Ila nilitaka kwanza kujua kwa nini mtu aliyeoa Trujillo anamtuma mama yake Wilson kununua mashine, na kwa nini mwandiko wake unayumba. Nikageukia rafu ili asiuone uso wangu.

"Tuanze na kichwa," nikasema. "Hii prosesa ni ya mkono wa pili, lakini nimeipima mwenyewe. Ramu, kumbukumbu yake, tutaweka hizi mbili. Kasha hatutaki lenye taa za rangi, taa hazichezi gemu."

"Yeye naye alisema hivyo."

"Anajua mambo. Sasa mazabodi, ubao unaoshika vyote. Ipo hii ya bei ya chini, haina nafasi ya kuongeza chochote. Na ipo hii, imezidi soli themanini. Mimi wateja wangu wote nawaambia wachukue hii. Mwakani akipata pesa anaongeza ramu, mwaka wa pili anabadilisha prosesa, mashine inakua naye."

"Nipe ya chini."

"Mama, utajuta. Mtu mwenye pesa ndogo hanunui mashine, ananunua nafasi ya kuongeza baadaye. Kila fundi mkweli atakwambia."

"Binti." Aliweka kiganja juu ya kioo cha meza. "Usiniuzie ya mwakani. Nimekwambia nipe ya chini."

Sikuelewa, au nilikataa kuelewa. Nikaweka ya chini. Nikafika kwenye kadi ya picha, na hapo ndipo palipokuwa na shida, kwa sababu pesa iliyobaki ilitosha moja tu kati ya kadi mbili zilizokuwa kwangu. Moja ilikuwa dhaifu lakini nzima. Ya pili ilikuwa na nguvu mara mbili yake, kwa bei ileile, na sababu ya bei hiyo niliijua: ilikuwa imechimba sarafu za mtandaoni usiku na mchana miaka miwili, imechoka hadi mifupa. Nilikuwa nimeiweka chini ya meza niitoe feni tu.

"Hii ndogo itaishi miaka minne," nikamwambia. "Hii kubwa ni nzuri sana leo. Gemu zote, picha laini kama maji. Lakini mimi siiuzi, mama. Itakufa ndani ya mwaka mmoja, pengine isifike."

"Mwaka mmoja?"

"Pengine miezi minane."

"Inatosha," akasema. "Nipe hiyo."

Kibanda kilikuwa na kelele za chini, mtu anaita wateja, redio inaimba. Mimi sikusikia chochote.

"Anaumwa nini?" nikauliza.

Aliivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akairudisha ikiwa na ukungu uleule.

"Ugonjwa wa kula misuli. Una jina refu, sipendi kulisema. Ulianza Novemba, akawa anajikwaa tu. Nikamwambia, wewe Yerson, angalia unapokanyaga. Nilimgombeza, unasikia? Januari miguu ikakataa, akalazwa hospitali. Sasa ni mkono wa kushoto. Wa kulia bado. Daktari anasema Krismasi hatashika kijiko."

"Halafu?"

"Halafu ni pumzi." Alisema hivyo kama anayetaja kituo kinachofuata. "Anataka kucheza na rafiki zake wakati mkono upo. Hajaomba kitu kingine tangu augue. Nimeuza pete yangu na cherehani. Basi mfungie, binti, ya leo. Ya leo tu."

Nilishika ukingo wa meza. Nilikuwa nimemtukana kila asubuhi nikipiga mswaki, naye asubuhi hizohizo alikuwa anageuzwa kitandani.

"Na mkewe anasemaje?" nikauliza.

"Mke gani? Mwanangu hana mke."

"Yule wa Trujillo."

Aliinua uso. Nimewahi kuona mtu akipigwa shoti ya umeme. Uso unabaki palepale, ila macho ndiyo yanayoondoka. Alinitazama nywele, msuko wangu wa watu wa milima ya Ayacucho, mikono, akarudi machoni.

"Wewe si unajaza wino?" akanong'ona.

"Niliacha wino mwezi wa tano."

"Mungu wangu. Vibanda vyote vya wino nimevipita nimeinamisha kichwa. Nimesali tangu nyumbani nisikutane nawe, na sura yako siijui."

"Ndiyo hii sura yangu, Mama Obdulia. Itazame vizuri, maana uliikataa bila kuiona."

Aliketi. Stuli ilikuwa nyuma yake, akaiangukia bila kuangalia.

"Sitakudanganya," akasema. "Sikukutaka. Mwanangu amesoma, nikasema hawezi kuniletea msichana aliyeshuka milimani na furushi la nguo. Hilo la kwanza. Kisha ugonjwa ukaja, nikasema, huyu akimwona hivi atakimbia, na akikimbia atamuua mwanangu kabla ya ugonjwa. Nikaona bora niukate mwenyewe mapema, uchungu umwishe akiwa bado ana nguvu."

"Ukaniambia ameoa."

"Nilikwambia ameoa."

"Na yeye ulimwambia nini?"

Akaanza kulikunja pindo la koti lake.

"Mama Obdulia, nimekuuliza. Yeye ulimwambia nini kuhusu mimi?"

"Kwamba ulikuja hospitalini." Alikuwa anaongea na magoti yake. "Alikuwa amelala, ametiwa mirija. Nikamwambia ulifika mpaka mlangoni, ukamwona, ukageuka ukaondoka."

Natoka katika familia ya watu wanaojua kutukana. Bibi yangu alikuwa na matusi ya Kikechua yanayoweza kuukausha mti uliosimama. Yote yalinijia mdomoni kwa pamoja, yakakabana mlangoni, halikutoka hata moja. Nililia tu, kwa sauti, mbele ya wateja wa kibanda cha jirani, na sikujali.

"Ningemwosha," nikasema. "Ningembeba mgongoni. Unanisikia? Baba yangu alikufa mikononi mwangu nikiwa na miaka kumi na saba. Mimi ndiye ungeniita wa kwanza!"

"Sikukujua."

"Hukutaka kunijua!"

"Sikutaka," akakubali.

Nilijifuta uso kwa kitambaa cha kufutia vumbi, nikabeba lile kasha tupu nikaliweka mezani kwa kishindo. "Naiunda. Kisha naibeba mwenyewe hadi kitandani kwake."

Hapo akaamka. Akanishika mkono, kidole chenye alama nyeupe ya pete iliyouzwa kikanikandamiza mshipa.

"Usifanye hivyo. Nakuomba, binti yangu."

"Mimi si binti yako."

"Basi, Zenaida. Nisikilize. Mimi ndiye ninayemgeuza kitandani. Mimi ndiye ninayemlisha. Kaka zake hawaji. Ukiingia pale akajua nimemfanyia nini, hatakula mkononi mwangu tena. Namjua, ana kiburi cha baba yake. Atafunga mdomo, na ugonjwa wenyewe hautapata nafasi ya kummaliza. Nichukie wewe. Yeye asinichukie, si sasa."

Niliuondoa mkono wake. Nikachukua bisibisi.

Kuunda mashine kunanichukua dakika arobaini. Siku ile ilinichukua saa moja na nusu, maana skrubu ndogo zilikuwa zinaniponyoka. Nilipaka prosesa dawa yake ya kupoza, nikapandisha feni, nikabana ramu hadi zikalia kidogo. Moyo nilimwekea mzito, ule niliokuwa nimeuficha kwa ajili ya mashine yangu. Mama Obdulia alikaa kwenye stuli, mkoba mapajani. Nilikuwa nafikiri kuhusu kijiko. Kila nilipogeuza bisibisi nilikiona kijiko cha uji kinafika mdomoni mwa Yerson, na mdomo umefungwa.

Mwanamke akipenda huwa ana hesabu zake, na hesabu zangu zilinionyesha njia moja tu. Sikuipenda.

"Ana kipanya?" nikauliza.

"Cha zamani. Kizito."

Nikaongeza kipanya chepesi kuliko vyote, na kibodi yenye vitufe laini. Nikafunga kasha. "Twende."

"Utamwambia nini?" Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Nitamwambia nilichofanya."

"Ulichofanya nini?"

"Nilikuja hospitalini, nikamwona, nikakimbia. Si ndivyo ilivyokuwa?"

Akataka kupiga magoti palepale sakafuni, nikamwinua kwa kwapa. "Usinishukuru," nikamwambia. "Sikufanyii wewe. Beba hiyo kibodi."

Walikuwa wamehamia Comas, mtaa wa mlimani pembezoni mwa Lima, juu kabisa, pale bajaji inapokataa na ngazi za saruji zinaanza. Mama wa Pueblo Libre aliyenikataa kwa sababu ya milima sasa alikuwa anapanda mlima kila siku. Nilibeba mashine begani.

Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Yerson alikuwa ameegemezwa mito mitatu dirishani. Nywele zilikuwa zimekatwa chini, mashavu yamebonyea, mkono wa kushoto umelazwa juu ya blanketi kama kitu alichoachiwa na mtu mwingine amshikie. Macho tu ndiyo yalikuwa yaleyale, meusi, yenye kuanza kucheka kabla ya mdomo. Yaliponiona hayakucheka.

"Nimekuletea fundi," mama yake akasema.

"Namjua fundi."

Niliitua mashine chini. Nilikuwa nimepanga maneno ngazi zote, sasa yalikuwa yamebaki ngazini.

"Shikamoo hunipi?" akasema, kile kichekesho chake cha zamani, ila bila utamu. Mkubwa ni mimi, kwa miezi minne tu. "Au umefika mlangoni tena, unageuka?"

Nyuma yangu nilisikia Mama Obdulia ameacha kupumua.

"Kwa hiyo unajua," nikasema.

"Mama aliniambia. Nilimkatalia wiki nzima. Nikamwambia, Zenaida siyo mtu wa hivyo, mama, umemfananisha. Nikaapa. Ulikuja kweli?"

Alikuwa ananipa mlango. Mpaka leo naamini alikuwa ananipa mlango, anaomba niseme hapana. Nilimtazama machoni, mwanamume niliyempenda kuliko riziki yangu, nikaufunga.

"Nilikuja."

"Ukaniona."

"Nilikuona."

"Ukageuka."

"Nikageuka."

"Nilikuwa bado nina mikono yote miwili," akasema polepole. "Ungeingia tu. Hata ungeniambia kwaheri. Kwa nini?"

"Niliogopa, Yerson."

Alitikisa kichwa, kisha akageuzia uso ukutani. Ilimchukua muda, shingo nayo ilikuwa imeanza kuchoka. Nilipiga magoti, nikaanza kuchomeka nyaya, moja baada ya nyingine, kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Nikabonyeza. Feni zikazunguka, kioo chake cha zamani kikawaka, rangi za gemu zikajaa chumba kile cha kijivu hadi kwenye dari ya mabati. Kadi ile iliyochoka ilifanya kazi vizuri ajabu. Yerson hakugeuka kuitazama.

Nilisogeza kipanya mpaka pembeni mwa mkono wake wa kulia, nikainuka. "Imekamilika. Ikizidi joto, fungueni dirisha."

"Miezi saba nimekuchukia," akauambia ukuta. "Kila asubuhi. Ndiyo kazi pekee niliyokuwa nayo."

"Una haki."

"Haki ninayo. Muda ndio sina." Akarudisha uso kwangu, na mashavu yalikuwa yamelowa, mkono wa kulia haukuweza tena kufika usoni kuyafuta. "Siwezi kuendelea kukuchukia, Zenaida, nitamaliza siku zangu kwa kazi hiyo. Nimekusamehe. Kaa hapa, upande huu. Mkono huu ndio bado unashika."

Nikakaa. Akanishika, vidole dhaifu kuliko vya mtoto mchanga, nikapokea msamaha wa kosa ambalo sikulifanya, nikauinamia na kuulilia kama niliyelitenda kweli. Nilimfuta mashavu kwa kiganja. Alinuka sabuni ya kufulia na dawa, na chini yake alinuka Yerson.

Nyuma ya pazia, bakuli likaanguka. Kisha tukasikia kilio, kile cha mtu aliyejiziba mdomo kwa mikono yote miwili na bado kinampita.

Yerson akainua macho. "Mama analia nini?"

Nilimlaza kichwa begani kwangu, ili asione uso wangu.

"Amefurahi," nikasema.